Udongo Wetu, Mbona Hatuutaki?

Waraka kwa wanachama wote wa chama chetu cha watumiaji maji, ukingo wa Mto Ndarugu, Kalimoni

Ndugu zangu na dada zangu wapendwa,

Nawaandikia moyo ukiwa mzito. Si desturi yangu kuandika. Mambo yetu tumezoea kuyamaliza chini ya mkuyu, uso kwa uso, na mtu akipandwa na hasira hupewa kikombe cha chai akatulia. Lakini jambo lililonifikisha kwenye kalamu safari hii, likisemwa mkutanoni, litageuka kelele, na wenye kosa watajificha ndani ya kelele hizo. Waraka una subira. Mtu huusoma akiwa peke yake, na akifika mahali panapomchoma hana jirani wa kumtazama usoni.

Mnaukumbuka ukanda wa miti tuliopanda pembeni mwa mto: muringa, mikuyu, na mianzi pale kwenye kona inayomomonyoka. Miche tuliibeba kwa mikokoteni, wengine kichwani. Akina mama waliimwagilia kwa mitungi kiangazi kizima, na watoto wa shule wakaiwekea vijiti isije ikaliwa na mbuzi. Juma lililopita nilitembea ukingo huo wote kwa miguu, kutoka darajani hadi mto unapopinda chini ya kwari ya zamani. Nilikokumbuka miti nilikuta visiki. Nilikokumbuka majani nilikuta matuta ya nduma na sukuma yaliyoteremka mpaka ndani ya maji yenyewe. Nilikuta mabomba ya pampu yamefunikwa kwa majani makavu ya migomba, kwa kuwa pampu hizo huwashwa usiku, saa ambazo kwa makubaliano yetu mto unapaswa kupumzika. Na mahali pamoja, ambapo sitapataja, nilikuta alama za magurudumu mapana ya gari la kunyonya maji taka, zikiingia shambani kwa mtu kupitia lango lake, zikafika mtoni, zikageuka na kutoka. Gari la namna hiyo haliingii langoni usiku bila mwenye lango kujua.

Ningepata nafuu kama mashamba hayo yangekuwa ya wageni. Ni yetu. Ni ya watu walioweka sahihi katika daftari letu, waliochangia harambee ya miche, na ambao wengine wao husimama mkutanoni kuwalaumu wenye viwanda kwa sauti kubwa kuliko zetu sote. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi sikudhani methali hiyo ingekuja kukaa kwenye ukingo wa Ndarugu.

Niruhusuni niwasimulie jambo. Mwaka juzi nilikwenda Malindi kwa harusi ya mpwa wangu. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha bara majuma machache kabla. Asubuhi moja niliteremka ufuoni, na badala ya ile bahari ya buluu tunayoiona kwenye kalenda, nikaona maji mazito yenye rangi ya uji wa wimbi, yametanda kutoka kaskazini mpaka mbele ya mji. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona wavu wake, aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Kalimoni, karibu na Thika. Kalimoni hakuijua, lakini Thika aliijua. Akanyoosha kidole kuelekea kwenye uwekundu ule, akasema kwa upole kabisa, bila hasira: «Mzee mwenzangu, huo ni udongo wenu. Mbona hamuutaki?»

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Tafakarini safari ya maji yetu. Ndarugu huanzia kwenye misitu ya juu, upande wa Gatundu, mabegani mwa Nyandarua. Hushuka ikapita kwetu, ikaingia Mto Athi. Athi huteremka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls chini ya Kilimambogo, huikata nchi ya Ukambani, hukutana na Mto Tsavo na kuanza kuitwa Galana, hupita katika mbuga ya Tsavo Mashariki, na mwisho huitwa Sabaki na kumwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Mto ni mmoja, majina ni manne. Mtu anayelima mpaka kwenye maji hapa Kalimoni hajui kwamba jembe lake linafika baharini.

Na pale mto unapofika si mahali pa kawaida. Malindi na Watamu zina mbuga za baharini zilizotengwa tangu mwaka 1968, na mwaka 1979 UNESCO iliziingiza katika orodha ya hifadhi za bayosfia. Matumbawe ya kule ni viumbe hai, nayo huishi kwa mwanga wa jua kama mahindi yetu. Tope likitanda juu ya maji, mwanga haufiki chini. Likitua, huyafunika matumbawe na kuyaziba pumzi. Samaki huzaliana na kujificha katika matumbawe hayo, na mvuvi yule hula kwa samaki hao. Hivyo ndivyo tuta la nduma la Kalimoni linavyoingia kwenye sufuria ya mtu wa Malindi.

Huenda neno hili, hifadhi ya bayosfia, ni geni kwa baadhi yenu, na wengine mtalidhani ni jambo la wazungu na wanyama. Nawaomba mnivumilie nilieleze, kwa maana nimegundua kwamba ndani yake mna kile kile tulichokiahidi sisi tulipoanzisha chama. Bayosfia ni ule utando wa uhai unaoifunika dunia: udongo, maji, hewa na kila kinachopumua humo, binadamu akiwamo. Mwaka 1971 UNESCO ilianzisha mpango wa Binadamu na Bayosfia, na miaka michache baadaye hifadhi za kwanza zikatangazwa. Leo ziko zaidi ya 700 duniani. Hapa Kenya tuna sita: Mlima Kenya na Mlima Kulal tangu 1978, Malindi na Watamu tangu 1979, Kiunga tangu 1980, Amboseli tangu 1991, na Mlima Elgon tangu 2003. Majirani zetu wanazo pia, kama Serengeti na Ngorongoro kule Tanzania, Jozani na Ghuba ya Chwaka kule Unguja, na Queen Elizabeth kule Uganda.

Hifadhi ya namna hii hupangwa kwa duara tatu, kama vile boma la mzee lilivyopangwa zamani. Katikati kuna kiini, ambacho hakiguswi: pale miti huanguka kwa uzee na maji hutoka bila kuulizwa. Kukizunguka kiini kuna ukanda wa kinga, ambamo mtu anaruhusiwa kuingia kwa heshima, akafuga nyuki, akaokota kuni zilizokauka, akafundisha watoto, akafanya utafiti, ilmradi asikijeruhi kiini. Nje ya hapo kuna ukanda wa mpito, na huko ndiko watu wanakoishi: mashamba, masoko, shule, makanisa, misikiti na barabara. Jambo kubwa katika mpango huu ni kwamba watu wamo ndani ya hifadhi. Hawahesabiwi kuwa wavamizi. Wanahesabiwa kuwa wenyeji wenye haki ya kula na wajibu wa kulinda, na mambo hayo mawili hayatenganishwi.

Ndugu zangu, kabla ya fikra hiyo, njia ilikuwa moja: zungusha ua, toa watu. Sisi wa nchi hii tunaijua njia hiyo na machungu yake. Hata baada ya fikra hiyo kuja, mwaka 2009 Waogiek waliokuwa wakiishi katika msitu wa Mau tangu enzi za mababu walipewa ilani ya kuhama, kana kwamba wao ndio waliokuwa wameumaliza msitu. Kesi yao ilifika mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, kule Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo ikaamua kwamba serikali yetu ilikuwa imevunja haki zao. Hata wazee wa Thika wana kisa chao kuhusu ua. Husimulia juu ya mugumo ule wa utabiri wa Mugo wa Kibiro, kwamba siku utakapoanguka utawala wa mkoloni nao utaanguka, na kwamba mkoloni, kwa hofu, aliuzungushia chuma ili usimame. Mti ukaanguka mwaka 1963. Chuma hakikuweza kuushikilia mti ambao mizizi yake ilikuwa imekata tamaa.

Kwa hiyo wenye hekima walipokubali kwamba mtu na msitu wakae pamoja, waliwaamini watu. Naomba mlishike neno hilo, kuaminiwa, kwa sababu huzuni yangu yote imekaa humo. Ua hauhitaji uaminifu, unahitaji askari. Duara tatu hazina askari wa kutosha wala hazikukusudiwa ziwe nao. Zinasimama kwa ahadi. Ahadi ikivunjwa na upande wowote, duara zote hubaki michoro kwenye karatasi.

Tazameni Amboseli. Ilipofanywa mbuga ya taifa mwaka 1974, Wamaasai walitakiwa waviache vinamasi vilivyonywesha ng'ombe wao wakati wa kiangazi, na badala yake wakaahidiwa maji ya bomba nje ya mbuga. Bomba lilijengwa, likatiririsha maji kwa muda, kisha likaharibika na halikutunzwa. Ng'ombe wakarudi vinamasini. Katika miaka ile ya mvutano vijana waliwaua vifaru, simba na tembo kwa mikuki, wala hawakuwaua kwa ajili ya nyama. Walikuwa wakiandika barua yao ya malalamiko kwa namna walivyoweza. Pale ahadi ilivunjwa na wakubwa, na mnyama ndiye aliyelipa.

Sasa tazameni upande wa pili, ambao unatuhusu zaidi. Mlima Kenya ulipewa heshima ya hifadhi ya bayosfia mwaka 1978, na mwaka 1997 ukaongezewa ile ya urithi wa dunia. Je, heshima hizo ziliulinda? Mwaka 1999 wataalamu waliupita mlima ule kwa ndege ndogo wakiangalia msitu kutoka juu, na walichokiona kiliitia nchi aibu: maelfu ya miti ya kafuri imekatwa, tanuri za makaa zaidi ya 2,000 zinafuka moshi, na mashamba ya bangi yamejificha katikati ya miti. Cheti cha UNESCO kilikuwa kimetimiza miaka 21. Walioingia mle na misumeno hawakutoka ng'ambo. Walitoka vijiji vya kando, vya watu kama sisi, wakishirikiana na matajiri wa mbali na wakubwa waliofumba macho.

Na wengi wenu wenye asili ya Gatundu, Kieni na Kinale mnaukumbuka mtindo wa shamba. Serikali ilimpa mkulima asiye na ardhi kipande ndani ya msitu uliovunwa, alime viazi na maharagwe huku akiitunza miche ya serikali mpaka ikue na kivuli chake kimwondoe. Ulikuwa mkataba mzuri: mtu anakula, msitu unakua. Lakini baadhi ya wakulima waligundua kwamba mche ukifa hawatahamishwa. Wakaanza kuipinda miche, wengine kuikata mizizi usiku kwa ncha ya panga, asubuhi wakamwonyesha mlinzi wa msitu mti uliokauka na kusikitika pamoja naye. Katika miaka ya 1980 mtindo huo ukapigwa marufuku, na familia nyingi ambazo hazikuwahi kuupinda mche hata mmoja zikatolewa pamoja na walioipinda. Ilichukua miaka mingi, mpaka ilipokuja Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 na vyama vya misitu vya wananchi, ndipo mkulima akaaminiwa tena. Baadhi yetu wazazi wetu walikuwa miongoni mwa waliotolewa. Tumeisahau hadithi hiyo upesi namna gani?

Sisemi haya ili mkate tamaa, maana pia kuna mahali ambapo ahadi ilishikwa. Karibu na Malindi ile ile kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, wa karibu kilomita za mraba 420, ambao sasa umeunganishwa na hifadhi ya bayosfia ya pwani hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wengi wa kando yake walitaka ukatwe na wagawiwe mashamba, kwa sababu kwao msitu ulikuwa tembo wanaokula mahindi na nyani wanaokula mihogo. Mwaka 1993, pale Gede, ukaanza mradi wa Kipepeo. Wakulima walifundishwa kufuga vipepeo wa msituni, na vipepeo wakiwa bado wamejifunga ndani ya ganda lao, huuzwa nchi za nje kwa nyumba za maonyesho. Kipepeo wa kuanzishia mbegu hutoka msituni, na majani anayokula kiwavi ni ya miti ya msituni. Msitu ukiisha, biashara imeisha. Hapo mama aliyekuwa akiuona msitu kama adui akaanza kumuuliza mwenye shoka anakwenda wapi. Hakuna askari aliyemwamuru kuuliza. Zaidi kusini, Gazi, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja hulinda mikoko yao na kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko hiyo huivuta na kuihifadhi, na fedha hizo zimeingia kwenye maji ya kijiji na vitabu vya shule.

Sasa turudi nyumbani. Sisi hatuna cheti chochote cha UNESCO. Kalimoni haimo kwenye ramani za hifadhi. Imo kwenye ramani za wauza ploti. Mkonge ulikwenda, kahawa inakwenda, na mawe ya Ndarugu yaliyojenga nusu ya nyumba za Ruiru na Juja yanaendelea kupakiwa kwenye malori. Hata hivyo tulipoketi chini ya mkuyu na kuandika kanuni zetu, tulichora duara zile zile tatu bila kujua jina lake. Tulisema: mto na ukingo wake haviguswi, hicho ni kiini. Tukasema: juu ya ukingo, nyasi za kulishia ng'ombe, miti ya matunda na mizinga ya nyuki, hiyo ni kinga. Tukasema: juu zaidi, mtu alime anachotaka, ajenge, apangishe, auze. Sheria ya nchi nayo ilikuwa imekwisha kusema hivyo, maana kanuni za maji hutaka ukingo uachwe, si chini ya mita 6 wala si zaidi ya mita 30, kwa kufuata upana wa mto. Na sisi wenyewe, kwa hiari yetu, tukakubali pampu zizimwe usiku ili wa chini nao wapate.

Sehemu ya tatu, ile ya kuishi na kula, tumeitumia yote bila kulalamika. Sehemu ya pili tumeila. Sasa tumeingia ya kwanza. Tulitaka kuaminiwa kwa sababu tungekula na kulinda. Tumeshika kula, kulinda tumeuachia mkuyu.

Najua yanayosemwa, na ni haki niyajibu kwa heshima, kwa kuwa hayasemwi na wajinga. Wapo wanaosema: shamba ni langu, hati ninayo, ramani inaonyesha mpaka wangu uko katikati ya mto. Ndugu yangu, hati yako ni ya kweli na hakuna anayekunyang'anya. Lakini hati hukupa ardhi. Haikupi ruhusa ya kumnyima maji aliye chini yako. Baba yako alipokugawia kipande hiki alikukabidhi na mto ukiwa unanyweka. Wewe utamkabidhi mwanao nini, mfereji?

Wapo wanaosema: kwa nini tuhangaike na mita sita huku maji machafu ya miji na viwanda yakiingia mitoni kila siku? Nendeni Fourteen Falls mkaone povu na chupa za plastiki, kisha mtuambie habari za nduma. Maneno haya yana ukweli ndani yake, nami nimeyabeba mpaka kwenye ofisi zinazohusika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini niliporudi huko mara ya mwisho, ofisa mmoja alinisikiliza, akafungua simu yake, akanionyesha picha ya pampu iliyofunikwa kwa majani ya migomba, akaniuliza: «Mzee, hii nayo ni ya kiwanda?» Niliondoka pale nimeinamisha kichwa. Mwenye uchafu mkubwa anapenda sana sisi tuwe na uchafu mdogo. Ndio unaomtetea.

Na wapo wanaosema, kwa sauti ya chini, neno lililo zito kuliko yote: karo ya shule, Mzee. Mama mmoja kati yenu aliniambia kwamba nduma za ukingoni ndizo zilizomweka binti yake kidato cha tatu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nami sitaki kuwa mwenye shibe anayehubiri. Kwa mama huyo chama kilipaswa kufika kabla ya jembe lake kufika kwenye maji, na kama hatukufika, dhambi hiyo ni yetu sote, ya kwangu kwanza. Ndiyo maana naleta mbele yenu pendekezo: fedha zilizobaki katika mfuko wetu tuzinunulie mizinga na mbegu za nyasi, na wanaotegemea ukingo kwa chakula wapewe kwanza, bila kupiga foleni nyuma ya wenye malori. Lakini mama wa nduma asitumiwe kuwa ngao ya mwenye gari la maji taka. Huyo wa gari hana mtoto wa kumlipia karo kwa kinyesi. Sukuma zinazomwagiliwa kwa maji hayo huuzwa Githurai na soko la Madaraka kule Thika, na hurudi jioni katika sahani zetu.

Wapendwa, nawaonya kwa upendo kuhusu jambo moja. Mliuona mwaka 2024. Mvua za Machi mpaka Mei zilipoua watu zaidi ya mia mbili nchini, na mafuriko kubeba nyumba kule Mathare na Mai Mahiu, serikali iliamuru watu wahame kandokando ya mito, na tingatinga zikafuata amri. Hazikuuliza nani alipanda muringa na nani aliukata. Watu walioishi vizuri na mto na walioishi vibaya nao walitazama kuta zao zikianguka siku moja. Chama chetu kilizaliwa ili siku kama hiyo isifike hapa, ili tuweze kumwambia yeyote atakayekuja na tingatinga: hapa wenyewe wanajilinda, hii hapa mistari yetu, hii hapa miti yetu. Leo akija, nitamwonyesha nini?

Na kwa kuwa nawaomba mseme kweli, nami niseme yangu. Miaka michache kabla ya chama, mimi nilikuwa na mikaratusi arobaini pembeni mwa maji, niliyoipanda kwa ajili ya kuuza nguzo. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, marehemu John Michuki, alipoagiza mikaratusi ing'olewe kwenye maeneo oevu, niliguna kwamba serikali inaingilia mifuko ya watu. Kisha chemchemi ya nyuma ya boma langu ikakauka, ile ambayo mama yangu aliitekea maji tangu siku ya harusi yake. Niling'oa mikaratusi nimechelewa. Chemchemi imerudi kidogo, wakati wa mvua tu. Kila nikipita pale huona aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali mliponichagua kuwa mwenyekiti. Siwaandikii kama mtu safi. Nawaandikia kama mtu aliyekwisha kuiona hasara.

Kwa hiyo hatutasoma majina. Yale niliyoyaona ukingoni nimeyaandika katika daftari langu, na daftari hilo litabaki sandukuni mwangu mpaka mvua zijazo. Aliyekata atapanda kwa mkono wake, na kabla ya mtu yeyote kumwuliza. Aliyefungua lango usiku atalifunga, na akiogopa tajiri wa gari, aje kwangu twende wawili tukamwambie. Mwenye pampu aiwashe mchana kama wengine. Mvua zikifika na bado hajafanya, ndipo nitalifungua daftari mbele ya wote, nami nitaumia zaidi yake.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tutakutana chini ya mkuyu saa mbili asubuhi. Njooni na majembe, mapanga mwache nyumbani. Akina mama wenye vitalu walete miche waliyo nayo, chama kitalipa. Na kila mwanachama aje na kamba ya urefu wa mita sita. Hatutampimia mtu shamba lake. Kila mmoja ataingia kwake, atasimama kwenye ukingo wake mwenyewe, ataishika ncha moja ya kamba pale maji yanapofika wakati wa mvua kubwa, na ataivuta kuelekea nyumbani kwake mpaka iishe. Pale itakapoishia, apande mti.

Ni mimi ndugu yenu na mtumishi wenu,
Mwenyekiti.